Kuku, yai na programu nne: nani anamtangulia nani?

Kuku na yai, kipi kilianza? Swali la watoto, lakini lina data yake. Kifurushi cha lmtest katika R, lugha ya kompyuta ya takwimu, huja na faili liitwalo ChickEgg: idadi ya kuku waliokuwapo Marekani kila tarehe 1 Desemba na mayai yaliyotagwa kila mwaka, kuanzia 1930 hadi 1983. Ni miaka 54, safuwima mbili. Mwaka wa kwanza unasomeka kuku 468,491 kwa maelfu na mayai 3,581 kwa mamilioni ya dazeni. Kuku wa nyama wa biashara hawamo. Mwaka 1988 wachumi Walter Thurman na Mark Fisher waliichapisha hesabu hii katika jarida la uchumi wa kilimo la Marekani, nusu utani, nusu somo, na tangu hapo imekuwa jiwe la mizani kwa kila programu inayodai kupima nani anamvuta nani katika data za mfululizo wa wakati.

Ndiyo mizani tunayoitumia hapa kukagua zana nne ambazo mwanafunzi wa uchumi, takwimu, afya ya jamii au kilimo atakutana nazo: vifurushi vya lmtest na vars vya R, statsmodels ya Python, gretl, na Stata. Tatu za kwanza ni bure. Zote nne hukokotoa kipimo cha Granger na zote hukokotoa sawasawa. Zinachotofautiana ni kile zinachokuficha, na hapo ndipo tasnifu nyingi huharibikia.

Kwanza kipimo chenyewe, kwa ufupi. Clive Granger alikieleza mwaka 1969 (Nobel ya uchumi aliipata 2003, pamoja na Robert Engle). Chukua Y, itabirie kwa thamani zake za nyuma peke yake. Kisha itabirie tena kwa thamani zake za nyuma pamoja na za X. Kama makosa ya utabiri yamepungua kwa kiasi ambacho bahati haiwezi kukieleza, X inaitwa sababu ya Y kwa maana ya Granger. Thamani hizo za nyuma ndizo lagi: lagi 3 ni miaka mitatu iliyopita ikiwa data ni ya mwaka, miezi mitatu ikiwa ni ya mwezi. Maana ya neno «sababu» hapa ni nyembamba mno. Wakulima huandaa mashamba Januari na Februari, masika hunyesha kuanzia Machi. Ipe programu saa za kazi ya jembe na milimita za mvua, bila kuiambia kitu kuhusu misimu, nayo itakujibu kwa nyota tatu, alama ya uhakika mkubwa wa kitakwimu, kwamba jembe ndilo linaloleta mvua.

Tuanze na lmtest, kwa sababu ndiyo nyepesi kuliko zote. Amri ni moja, grangertest. Ukiipa fomula chicken ~ egg na order = 3, inapima mayai kama sababu ya kuku na kurudisha F = 5.405 (F ikikua, X inasaidia zaidi kutabiri) na thamani ya p = 0.002966, yaani uwezekano wa kupata F kubwa kiasi hicho kwa bahati tu. Geuza fomula iwe egg ~ chicken, unapata F = 0.5916 na p = 0.6238. Mayai ya nyuma yanasaidia kutabiri kuku. Kuku wa nyuma hawasaidii kutabiri mayai. Yai limetangulia, kesi imekwisha, kwa lagi 3 angalau.

Hapo kwenye order pana mtego wa kwanza. Usipoitaja, programu inachukua 1, kimya kimya. Hakuna onyo wala mstari unaokuuliza kama mwezi mmoja unatosha kwa bei ya mahindi kufika kwenye bei ya unga. Mtu anayeandika grangertest bila order ameshafanya uamuzi mkubwa kuliko wote katika kazi yake, na hajui.

Mtego wa pili ni mwelekeo, na huu umekula watu wengi zaidi. Katika fomula, kilichoko kushoto mwa alama ya ~ ndicho kinachoathiriwa. Lakini amri hiyohiyo ukiipa mifululizo miwili iliyotenganishwa kwa mkato, wa kwanza ndio sababu na wa pili ndio unaoathiriwa. Ukihamia statsmodels, amri ya grangercausalitytests inapokea jedwali la safuwima mbili na kupima kama ya pili inasababisha ya kwanza. Tatu kwa tatu, kila moja na desturi yake. Ripoti ya statsmodels haitaji hata majina ya vigeu kwenye matokeo, inakuachia idadi ya lagi na namba tupu. Mtu akibadilisha mpangilio wa safuwima mahali fulani katikati ya msimbo, hitimisho lake linapinduka kichwa chini miguu juu na hakuna kitakachopiga kelele.

Dawa yake ni dakika mbili. Kabla ya kuigusa data yako, ingiza ChickEgg kwenye zana unayotumia, weka lagi 3, na utafute 5.405. Ikitokea pale ulipodhani umepima mayai kuelekea kuku, umeelewa mwelekeo. Ikitokea 0.5916, umeelewa kinyume. Fanya hivyo kila unapobadilisha programu au toleo.

Tukiwa bado kwenye statsmodels: amri hiyo hukupa majibu manne kwa kila lagi, na mgeni hushangaa kwa nini hayafanani. Kwa ChickEgg na lagi 3, mayai kuelekea kuku, vipimo viwili vya F vinatoa p ya 0.0030. Kipimo cha khi-mraba kinachotokana na masalia (makosa ya utabiri yaliyobaki) kinatoa 18.79, p 0.0003. Uwiano wa uwezekano unatoa 16.0, p 0.0011. Data moja, swali moja, na p inatofautiana mara kumi. Sababu ni kwamba khi-mraba na uwiano wa uwezekano ni sahihi data ikiwa nyingi mno, ilhali hapa baada ya kukata lagi zimebaki safu 51 na vigezo 7 vya kukadiria. F inalipia vigezo hivyo kwa digrii za uhuru 44 zilizobaki (safu 51 toa vigezo 7), hao wengine hawalipii. Kwa sampuli za kwetu, ambazo aghalabu ni miaka 30 au miezi 60, soma F na uache nyingine. Anayechagua khi-mraba kwa sababu ina nyota nyingi anajidanganya mwenyewe.

Ubaya mwingine wa grangercausalitytests ni kwamba ukiandika maxlag = 12 inapima lagi 1, kisha 2, kisha 3, hadi 12, na kukurundikia thamani za p 48. Hiyo ni karamu ya kuchagua. Kati ya lagi kumi na mbili moja itapendeza, na ndiyo itakayoandikwa kwenye sura ya matokeo ya tasnifu. Zaidi ya hapo, kila lagi inatumia idadi yake ya safu, kwa hiyo mifano hiyo kumi na miwili hailinganishwi kwa haki. Kama unataka lagi moja tu, ipe orodha yenye namba hiyo badala ya namba tupu. Bora zaidi, achana na amri hii kabisa. Ndani ya statsmodels hiyohiyo kuna VAR, mfano unaokadiria milinganyo yote kwa pamoja: select_order inachagua lagi kwa kutumia safu zilezile kwa kila chaguo, na test_causality inakuwezesha kutaja kwa jina kinachoathiriwa na kinachoathiri. Majina. Hicho kitu kidogo kinaondoa nusu ya makosa yote tuliyoyataja.

Upande wa R, kazi hiyo inafanywa na vars, kifurushi cha Bernhard Pfaff. Kwa jumla ndicho kifurushi kilichokamilika kuliko vyote hapa: VARselect kwa kuchagua lagi, VAR kwa kukadiria, serial.test kwa kukagua masalia, stability na roots kwa kuangalia kama mfano umetulia, irf na fevd kwa kuchora mwitikio. Mwongozo wake una data ya Kanada, robo mwaka kwa robo mwaka kutoka 1980 hadi 2000, vigeu vinne: tija, ajira, mishahara halisi na ukosefu wa ajira. Ukiweka lagi 2 na kuiambia amri ya causality kwamba sababu ni e, yaani ajira, inarudisha F = 6.2768 kwa digrii 6 na 292, p ya 3.206e-06. Inapendeza, hadi usome sentensi iliyo juu yake: nadharia tete inayopimwa ni kwamba ajira haisababishi tija, mishahara na ukosefu wa ajira, zote tatu kwa mkupuo. Jibu hilo halisemi ni kipi kati ya vitatu kinachoathiriwa.

Hii ndiyo kasoro kubwa ya vars, na inawaponza hata wenye uzoefu. Mtu anaweka bei ya mafuta, kiwango cha ubadilishaji, mfumuko wa bei na riba, anaendesha causality akitaja bei ya mafuta, anaona p ndogo, anaandika «bei ya mafuta husababisha mfumuko wa bei». Huenda ilichosababisha ni kiwango cha ubadilishaji peke yake. Na usipotaja sababu kabisa, vars inachukua kigeu cha kwanza kwenye jedwali. Inatoa onyo, ni kweli, ila maonyo ya R hakuna ayasomaye. Kwa jibu la jozi moja moja huku vingine vikiwa vimeshikiliwa, test_causality ya statsmodels inafanya bila mbwembwe. Stata nayo: ukimaliza var, andika vargranger, unapata jedwali zima, kila mlinganyo na kila kigeu kinachoondolewa, na chini yake mstari wa ALL kwa vyote pamoja. Jedwali hilo ndilo zuri kuliko yote tuliyoyaona. Laiti leseni isingekuwa ya kulipia.

Tahadhari moja kwa wa Stata: bila kuambiwa vingine inatoa khi-mraba, yaani ile 0.0003 badala ya 0.003. Ongeza dfk na small kwenye amri ya var ili marekebisho ya sampuli ndogo yafanyike. Na lagi zake za awali ni mbili, hata data ikiwa ya mwezi. Tumia varsoc kwanza.

Jambo dogo ambalo husababisha ugomvi kati ya mwanafunzi na msimamizi wake: vars na test_causality zinatoa F ileile 5.405 kwa ChickEgg lakini digrii za uhuru zinasoma 88, si 44, na p inashuka hadi karibu 0.002. Hakuna aliyekosea. Mfano wa VAR una milinganyo miwili, na fomula wanayoifuata hujumlisha digrii za milinganyo yote. Andika kwenye tasnifu ni amri ipi ilitumika, mjadala utaisha.

Sasa gretl. Ni programu ya uchumi-mita ya bure iliyoanzishwa na Allin Cottrell wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, na kwa anayetaka jibu bila kujifunza kuandika msimbo, tunaipa nafasi ya kwanza bila kusita. Inafungua Excel, CSV na faili za Stata. Unaiambia kwamba data ni ya mwezi au mwaka, unakwenda kwenye menyu ya Model, unachagua VAR, unaingiza vigeu, basi. Chini ya kila mlinganyo inachapisha yenyewe F ya «lagi zote za» kila kigeu, kimoja kimoja. Hakuna amri ya kukosea, hakuna mwelekeo wa kugeuza: kigeu kinachoathiriwa ni jina la mlinganyo, kinachoathiri ni jina lililo mbele ya F. Kwenye kuchagua lagi inatumia AIC, BIC na HQC, alama tatu zinazopima lagi ngapi zinafaa, na kuweka kinyota kando ya iliyo ndogo kuliko nyingine kwa kila alama. Kuna kisanduku cha kuongeza vigeu vya msimu, ambacho kwa data ya vyakula ya mwezi si cha hiari (vars inacho pia, ni season = 12; statsmodels itakubidi uvitengeneze mwenyewe). Kila unachobofya kinaweza kuandikwa pia kama amri, kwa hiyo kazi inarudiwa. Udhaifu wake ni michoro isiyovutia na ukweli kwamba vitabu vingi vya mazoezi vimeandikwa kwa EViews au Stata, hivyo mwanafunzi anaanza bila mkono wa kumshika.

Kuhusu idadi ya lagi, nyenzo zote nne zina ugonjwa mmoja. Vigezo vinaongezeka kwa kasi kuliko unavyodhani. Vigeu 4, lagi 10 ambazo ndizo kikomo cha awali cha VARselect, ni vigezo 41 kwa kila mlinganyo pamoja na cha kudumu. Kama una miezi 60, zinabaki safu 50. Mfano wenye vigezo 41 kwa safu 50 utaisifu lagi ya 10 kwa AIC karibu kila mara, na hauna maana yoyote. Shusha kikomo hadi 4 au 5, angalia BIC, ambayo R huiita SC, kisha ongeza lagi moja moja mpaka masalia yasiwe na mfuatano. Katika vars tumia serial.test yenye type ya PT.adjusted au BG. Ile ya awali, PT.asymptotic, inafaa sampuli kubwa. Masalia yakiwa bado na mfuatano, F zote hapo juu ni za kutupa.

Na ukipima jozi nyingi, hesabu kabla ya kushangilia. Vigeu 5 vina mielekeo 20. Kwa kiwango cha asilimia 5, kwa wastani mmoja utaonekana «wa maana» hata kama data yote ni kelele. Hakuna programu kati ya hizi inayokukumbusha.

Tufike kwenye swali ambalo watu huliuliza hasa: ni athari ipi iliyo kubwa zaidi? Bei ya dizeli au kiwango cha ubadilishaji? X kwenda Y au Y kwenda X? Hapa programu zote nne zinakuacha njiani. Zinakupa p, na p si ukubwa. Ukiwa na safu nyingi mno za data, athari ndogo kama sisimizi inaweza kutoa p ya 0.0001. Kulinganisha p mbili na kusema ndogo ndiyo yenye nguvu ni kosa ambalo tungependa lifie mbali. Kulinganisha vipengele vya regresheni, yaani namba zinazozidisha kila kigeu kwenye mlinganyo, nako hakusaidii, maana kimoja ni kwa maelfu ya kuku na kingine kwa mamilioni ya dazeni.

Kipimo cha ukubwa kipo tangu 1982, cha John Geweke: logi asilia ya uwiano wa variansi (mtawanyiko) ya makosa bila X na variansi ya makosa ukiwa na X. Sifuri maana yake X haisaidii kitu. Hakijali vipimo vya awali, maelfu au dazeni. Na uzuri wake ni kwamba unaweza kukipata kwa kikokotoo cha simu kutoka kwenye F yoyote iliyochapishwa na lmtest au gretl. Zidisha F kwa idadi ya lagi, gawa kwa digrii za uhuru zilizobaki, ongeza 1, chukua logi asilia.

Kwa mayai kuelekea kuku: 5.405 mara 3 gawa kwa 44 ni 0.3685. Ongeza 1, logi yake ni 0.314. Kwa kuku kuelekea mayai: 0.5916 mara 3 gawa kwa 44 ni 0.0403, logi 0.040. Kwa lugha ya makosa, kujua mayai ya nyuma kunapunguza jumla ya miraba ya makosa ya kutabiri kuku kwa asilimia 27. Kinyume chake ni asilimia 4. Usiseme haraka kwamba moja ni mara nane ya nyingine. Kipimo hiki hakishuki chini ya sifuri, kwa hiyo hata X isiyo na athari yoyote hutoa namba chanya, wastani wake ukikaribia idadi ya lagi kugawa kwa idadi ya safu. Hapa ni 3 kwa 51, yaani 0.059. Ile 0.040 ya kuku iko chini ya kelele tupu. Sentensi ya haki ni kwamba upande mmoja una athari na upande wa pili hauonekani kuwa nayo. Uwiano wa mara nane ni mapambo.

Pande zote mbili zikiwa juu ya kelele, na unataka kusema moja inazidi nyingine, unahitaji kupima tofauti yenyewe. Kadiria VAR, chukua masalia safu kwa safu bila kuzitenganisha, yachague kwa bahati nasibu huku kila safu iliyochaguliwa ikirudishwa, jenga mifululizo bandia, kokotoa vipimo viwili vya Geweke na tofauti yake. Rudia mara 1,000. Ikiwa asilimia 95 za katikati za tofauti hizo hazigusi sifuri, una haki ya kusema. Ni mistari kama ishirini ya R. Inashangaza kwamba hakuna aliyeiweka kama kitufe. Vars ina boot kwenye causality, lakini hiyo ni kwa ajili ya p, na marudio yake ya awali ni 100, ambayo hayawezi kutofautisha p ya 0.004 na ya 0.009. Panua boot.runs hadi 1,000 au zaidi. Watu wa sayansi ya ubongo wana MVGC, zana ya Matlab ya Lionel Barnett na Anil Seth iliyotolewa 2014, ambayo inatoa ukubwa wa Geweke moja kwa moja, hata kwa masafa. Ni nzuri, ila Matlab yenyewe ni ya kulipia na mwongozo wake haukuandikwa ukimfikiria mchumi.

Wengi hukimbilia fevd badala yake, yaani mgawanyo wa variansi ya makosa ya utabiri. Soma kwa makini: kwenye vars na statsmodels, mgawanyo huo unategemea umeanza na kigeu kipi kwenye jedwali. Geuza mpangilio, asilimia zinabadilika. Onyesha mipangilio miwili au usionyeshe kabisa.

Yote haya yanachukulia kwamba mifululizo imetulia, haitangatangi, yaani wastani na mtawanyiko wake haubadiliki kadiri muda unavyokwenda. Bei, akiba ya fedha na idadi ya watu hutangatanga. Ukipima Granger kwenye mifululizo ya aina hiyo bila maandalizi, F haifuati tena jedwali lake na p ni ya uongo. Kuchukua tofauti za mwezi hadi mwezi kunasaidia, lakini kama mifululizo miwili inatangatanga huku imefungwa kamba moja, kutoa tofauti kunaikata kamba hiyo na kutupa habari. Njia ya Toda na Yamamoto ya 1995 ndiyo tunayoipendekeza. Chagua lagi p kwa data isiyotolewa tofauti. Ongeza lagi moja ya ziada, au mbili ikiwa mfululizo unahitaji tofauti mbili kutulia. Kadiria, kisha pima lagi p za kwanza tu, ile ya ziada uiache bila kuigusa. Kwenye gretl na Stata kuna ujanja mwepesi: weka ile lagi ya ziada upande wa vigeu vya nje (exogenous), na kipimo cha kawaida kitaiacha nje chenyewe. Grangertest ya lmtest haiwezi, inapima lagi zote ilizopewa. ChickEgg yenyewe, tukisema kweli, kuku wanashuka na mayai yanapanda kwa nusu karne, kwa hiyo ile 5.405 ni jiwe la mizani la programu, usiinukuu kama ukweli kuhusu kuku.

Na kabla ya yote hayo, kalenda. Bei za mafuta nchini Kenya zinatangazwa na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, kwa mzunguko wa tarehe 15 hadi 14 ya mwezi unaofuata. Tanzania, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inatangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi. Fahirisi ya bei za walaji ni ya mwezi wa kalenda. Mtu anayeweka bei iliyotangazwa 14 Machi kwenye safu ya Machi amechanganya: nusu ya Machi ilikuwa bado kwa bei ya zamani. Safu yake ya Machi inapaswa kuwa wastani uliopimwa kwa siku. Asipofanya hivyo, athari ya wiki mbili inageuka lagi ya mwezi mzima, au inahamia kwenye kile vars inachokiita Instant, uhusiano wa papo kwa papo, ambao hauna mwelekeo hata kidogo. Kwa data ya Kanada kipimo hicho ni khi-mraba 26.068 kwa digrii 3. Ikiwa Instant yako ni kubwa na Granger ni ndogo, tafuta data ya wiki kabla ya kubadilisha nadharia. Angalia pia mahali fahirisi ilipobadilishiwa mwaka wa msingi. Mfululizo usiounganishwa unaruka kama ngazi, na ruko moja tu linatosha kuzalisha «sababu» isiyokuwepo.

Wenye kushuku kwamba uhusiano wao si wa mstari ulionyooka huelekezwa kwenye entropi ya uhamisho, kipimo cha habari inayohama kutoka mfululizo mmoja kwenda mwingine, kilichotolewa na Thomas Schreiber mwaka 2000. R ina RTransferEntropy kwa kazi hiyo, na ni rahisi kuendesha, labda rahisi kupita kiasi. Kwa chaguo-msingi inakata data katika makundi matatu kwenye asilimia ya 5 na ya 95. Kwa miezi 60 hiyo ni thamani tatu kwenye kila mkia, na hakuna awezaye kujenga jambo juu ya thamani tatu. Kwa bei za kila siku za soko la hisa, miaka kadhaa, inaleta maana. Na kama data inafuata mgawanyo wa kengele, Barnett, Barrett na Seth walionyesha mwaka 2009 kwamba entropi ya uhamisho na kipimo cha Granger ni kitu kimoja, moja ni nusu ya nyingine. Kwa mwenye safu 60 za Excel na bando la kuhesabu, gretl inatosha: lagi mbili au tatu, kisanduku cha msimu kimewekwa alama, lagi ya ziada kwenye vigeu vya nje, na kikokotoo cha simu kando kwa ajili ya ile logi.